Swali la Katibu

“Hoja ya utaratibu, Mwenyekiti!”

Ukumbi mzima ukageuka. Makofi yaliyokuwa yakipigwa kwa ajili ya Mwalimu yakafifia, na Katibu wa tawi akabaki amesimama peke yake, katiba mkononi, moyo ukimdunda kama wa mtu aliyepanda ngazi mbiombio.

“Toa hoja yako, Katibu,” akasema Mwenyekiti aliyekuwa anamaliza muda wake, wakili mwenye sauti nzito.

“Jina la Mwalimu limependekezwa kwenye uenyekiti. Katiba yetu inasema mgombea awe mwanachama kamili, yaani mwenye shahada ya chuo kikuu. Naomba mpendekezwa atueleze shahada yake aliipata wapi.”

Vichwa vikamgeukia Mwalimu.

Mpaka dakika chache kabla ya hapo, kiti kile kilikuwa cha Katibu. Kila mtu alijua. Chama cha Wanawake Wahitimu hakikuwa na mtu aliyekitumikia kama yeye. Kazi yake ya mkate ilikuwa ufamasia, lakini roho yake ilikuwa kwenye tawi. Alizijua kamati zote, alijua tawi linaripoti wapi kwenye kanda, kanda inapelekaje maazimio taifani, na taifa linakaa wapi kwenye shirikisho la dunia. Alishajiona anakwenda mkutano mkuu na beji ya uenyekiti kifuani. Ndipo daktari mmoja wa meno, mwanamke asiyejua kunong’ona, aliponyanyuka na kusema, “Mimi nampendekeza Mwalimu! Nani mwingine anakuja kila Jumamosi kuwafundisha wasichana hesabu?” Na watu wakapiga makofi ambayo Katibu hajawahi kupigiwa hata siku moja.

Mwalimu alisimama taratibu, akaiweka sawa miwani yake.

“Sina shahada,” akasema. “Mimi ni mwanachama mshiriki. Nilidhani mnajua.”

Yangeishia hapo. Washiriki hawagombei, na Katibu ndiye anayetunza majina, alilijua daraja la Mwalimu kama anavyolijua jina lake mwenyewe. Angesema “ahsante” akaketi, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini yale makofi yalikuwa bado yanamwasha masikioni.

“Washiriki ni wale walioingia chuo kikuu wasimalize,” akaendelea. “Nadhani wajumbe wana haki ya kujua. Mwalimu, ni nini kilikuzuia kumaliza?”

“Katibu,” akasema Mwenyekiti, “hilo nalo lina ulazima?”

“Mwache, nitajibu.” Mwalimu alimtazama Katibu machoni. “Nilikuwa mwaka wa mwisho. Nikapata mimba. Aliyenipa mimba alikuwa mhadhiri wangu, na akanikana mbele ya jopo la chuo. Nikafukuzwa mimi, yeye akabaki anafundisha. Kuna kingine unachotaka kujua, mwanangu?”

Katibu akainua macho. Nyuma ya Mwalimu, mlangoni, alikuwa amesimama mwanamume mrefu aliyekumbatia boksi la keki. Alikuwa mpima ardhi. Alikuwa mchumba wa Katibu. Na ndiye aliyekuwa ndani ya ile mimba.

*

Aliwakuta kwenye maegesho. Mwalimu ameshakaa kwenye gari, kioo kimepandishwa, uso ameuelekeza upande mwingine. Mpimaji alikuwa anafunga mlango wa nyuma.

“Nisikilize kwanza,” Katibu akamshika mkono. “Sikujua kama atasema yote yale.”

“Ulitaka aseme nini?”

“Nilifuata katiba.”

“Katiba ilitaka kujua daraja lake. Daraja lake ulilijua.” Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa, na hiyo ndiyo iliyomtisha Katibu. Angefoka ingekuwa nafuu. “Ulimuuliza kitu unachokijua. Mimi ndiye niliyekuambia.”

Ni kweli. Alimwambia siku moja ya mvua, wamekwama ndani ya gari lake la kazi, vyombo vya kupimia vimejaa kiti cha nyuma. Kabla ya hapo walikuwa wanacheka. Yeye alikuwa amemuuliza, “Sasa mimi kwenye chama chako niko daraja gani?” na Katibu akamjibu, “Wewe ni mshiriki. Unahudhuria, unachangia, kura hupigi.” Mpimaji akacheka mpaka akakohoa, halafu akanyamaza ghafla, akasema, “Mama naye ni mshiriki, unajua kwa nini?” Akamsimulia. Mwisho akamwomba, “Hili libaki hapa. Akijua nimekuambia atakufa kwa aibu.” Katibu akamwekea kichwa begani, akasema, “Limeshazikwa.”

“Nisamehe,” akasema sasa. “Nilipitiwa. Nitamwomba radhi Mama hapa hapa. Fungua kioo.”

“Usimsogelee.”

“Jumamosi wazee wako wanakuja nyumbani! Nitawaambia nini watu wa kwetu?”

“Waambie umepata uenyekiti.”

Akampa boksi. Gari likaondoka. Katibu alifungua kifuniko palepale, bila kujua kwa nini anafungua. Juu ya keki waokaji walikuwa wameandika kwa rangi nyekundu: *Hongera Mwenyekiti wangu.*

Ndani ya ukumbi walikuwa wanamwita. Alikuwa amepita bila kupingwa.

*

Alituma ujumbe usiohesabika.

“Naomba dakika moja tu ya kuongea na wewe.”

“Najua nilichofanya. Sijitetei.”

“Hata ukinitukana nitafurahi.”

Mpimaji hakumtukana. Alijibu mara moja tu: “Ningekuwa mimi uliyeniumiza ningeshakusamehe. Uliyemuumiza si mimi.”

Dada mkubwa wa Katibu, aliyekuwa anakaa naye, alimsomea ujumbe ule kwa sauti, mwiko mkononi.

“Sasa hapa amekuonyesha njia, wewe unalia nini? Nenda kwa mama yake.”

“Nitaanzaje, dada?”

“Kama ulivyoanza siku ile. Si ulikuwa na mdomo?”

Alikwenda. Mwalimu alimfungulia geti nusu, kanga imefungwa kifuani, chaki bado iko vidoleni.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba. Mwanangu hayupo.”

“Sikumfuata yeye. Nimekufuata wewe. Nimekuja kukuomba—”

“Mwenyekiti,” Mwalimu akamkatiza, kwa adabu ileile anayowaitia wanafunzi, “nina wasichana ndani wananisubiri. Hesabu zao hazijaisha.”

Geti likafungwa polepole, bila hata kubamizwa. Jumamosi zilizofuata wasichana waliendelea kufundishwa, lakini nyumbani kwa Mwalimu, sio kwenye jengo la tawi.

Katibu alirudi mara ya pili, akaambiwa Mwalimu amepumzika. Mara ya tatu aliishia kwenye kona ya mtaa, akageuza. Baadaye akasikia kwamba Mpimaji amechukua kazi mkoa wa mbali, barabara mpya inapimwa huko, hajulikani atarudi lini.

Uenyekiti wenyewe ulimkaa kama kiatu cha kuazima. Alifungua vikao, akahesabu akidi, akagonga meza, akasafiri kwenda taifani na beji yake kifuani kama alivyoota. Huko alisimama na hoja moja tu: washiriki waruhusiwe kugombea uongozi wa matawi.

“Samahani,” akauliza mjumbe wa kanda nyingine, “tawi lako si ndilo lililomwondoa mgombea kwa kifungu hichohicho?”

“Ndilo.”

“Nani alikisoma?”

“Mimi.”

Minong’ono ikazagaa. Alisimama hivyohivyo mpaka ikaisha, na hoja ikapita. Usiku huohuo hakujivunia. Alimwandikia Mwalimu: “Mama, kifungu kimebadilishwa. Tawi linakuhitaji. Mimi natoka, kiti ni chako.”

Jibu lilikuja siku ya pili: “Hongereni.”

Basi. Aliachia uenyekiti hata hivyo. Daktari wa meno akauchukua.

*

Miaka ikasogea. Wanaume wawili watatu walimjia, watu wazuri tu, lakini kila alipoanza kuambiwa mambo ya ndani ya mtu alikuwa anajisikia kama kashikishwa kitu cha kioo. Akawa anajitenga kabla hajaambiwa zaidi. Dada yake akaolewa, nyumba ikabaki kimya.

Asubuhi moja, duka la dawa likiwa halina mtu, mwanamke mwenye mkongojo aliingia, akasogeza cheti cha daktari juu ya kaunta bila kuinua uso.

Katibu aliijua ile miwani.

“Shikamoo, Mama.”

Mwalimu akatazama juu. Ilionekana anafikiria kuondoka. Halafu akavuta kiti cha wateja, akaketi.

“Marahaba. Kumbe ndiyo hapa.”

“Ndiyo hapa. Hii ni ya presha. Umeanza lini?”

“Zamani kidogo. Ninayonunuaga imeisha kwenye duka la kule kwangu.”

Katibu alichukua dawa rafuni, akaielezea kama anavyomwelezea mteja yeyote: kimoja asubuhi, usiruke, ukisikia kizunguzungu ukisimama, kaa. Alipomaliza hakuweza kuiachia ile pakiti.

“Mama, sijawahi kukuomba radhi ukanisikia.”

“Nilikusikia. Ulikuja mara tatu. Ya tatu ulisimama kwenye kona, nilikuona dirishani.”

“Mbona hukuniita?”

Vidole vya Mwalimu vilikuwa vinasugua kichwa cha mkongojo.

“Nikuambie kitu ambacho sijakisema kwa mtu. Mwanangu aliniuliza. Wiki ileile kabla hajaenda kupima hiyo barabara yao, alikuja akakaa jikoni kwangu, akasema, ‘Mama, nampenda bado. Ukiniambia nimsamehe, nitamsamehe leo.’”

Katibu alishika ukingo wa kaunta.

“Ukamwambiaje?”

“Niliendelea kuosha vyombo.”

“Mama…”

“Hasira nilikuwa nayo, sikufichi. Lakini hasira yenyewe ilishapoa. Ni kitu kingine.” Akauegemeza mkongojo kwenye kaunta. “Siku ile ya jopo, chuoni, nilitazama kila mwanamume mle ndani, nikisubiri mmoja aseme neno. Hakuna aliyesema. Baba yangu mzazi hakusema. Halafu uzeeni nikampata mmoja, mwanangu, amekasirika kwa ajili yangu. Amenichagua mimi. Ikawa tamu, mwanangu. Nikataka iendelee kidogo. Nikasema, nitamwambia mwezi ujao. Nitamwambia akija likizo. Alipokuja likizo, alikuja na mtu.”

“Ameoa?”

“Ameoa. Binti mzuri, sina la kumsema. Ana ujauzito.”

Katibu aligeuka akapanga chupa ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Mwalimu alimwacha apange.

“Nilikosa mimi,” Katibu akasema akiwa amempa mgongo. “Usijibebeshe.”

“Ulikosa wewe. Mimi nikakosa juu ya kosa lako. Tumemkosesha sote wawili, na yeye hajui.” Akafungua mkoba wake. “Ukitaka, nampigia sasa hivi. Namwambia yote. Ana haki ya kujua.”

“Ili afanye nini?”

“Sijui. Ajue tu.”

“Hapana, Mama.” Katibu aligeuka. Macho yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa imara. “Nishawahi kuwaambia watu kitu kwa kisingizio kwamba wana haki ya kujua. Kuna mwanamke mle ndani ya nyumba yake, ana mimba. Muache.”

Mwalimu akaufunga mkoba. Ndipo simu ikaita ndani ya mkoba, kana kwamba imesikia inasemwa. Aliitoa, akaisogeza mbali na macho apate kusoma jina, na kwa kuwa masikio yake hayakuwa tena ya zamani, sauti ilijaa duka zima.

“Mama, umeipata dawa?”

Ilikuwa sauti ileile. Imekuwa nzito kidogo, imechoka kidogo. Katibu aliziba mdomo kwa kiganja.

“Nimeipata, mwanangu. Niko hapa dukani.”

“Wamekueleza vizuri? Maana wengine wanakurushia tu pakiti.”

Mwalimu akainua macho kwa Katibu, akanyanyua nyusi, akimuuliza kwa mara ya mwisho. Katibu akatikisa kichwa.

“Amenieleza vizuri sana,” akasema Mwalimu.

“Basi mwambie ahsante.”

“Anasema ahsante.”

Katibu akaizunguka kaunta. Alijua akitamka neno moja tu kwa sauti, huko upande wa pili itatambulika. Akainama karibu na sikio la yule mama, akanong’ona:

“Mwambie si kitu.”