Mikia Mia Tatu ya Mzee Chiwanga

Mtu mwenye shati jeupe aliruka kutoka juu ya treni, akajizungusha hewani mara mbili, akatua kwenye meza ya chai bila kumwaga hata kikombe. Watazamaji arobaini katika ukumbi wa majaribio wa Ipagala, Dodoma, wakashusha pumzi kwa pamoja. Hakuna mwigizaji aliyeruka, wala mwandishi aliyempangia aruke. Mruko ule ulichorwa sekunde ileile na mtambo uitwao Msukaji, kwa kufuata mioyo ya watazamaji wenyewe.

Siri ilikuwa kwenye viti. Kila kiti-mapigo kilisoma moyo wa aliyekikalia kupitia viganja vyake. Mapigo yakipungua, mtambo uliongeza teke. Yakipanda, uliongeza madaha ya teke lenyewe, vumbi lake, shati linavyopepea. Kisa hakikuwapo. Nani anapigana na nani, na kwa lipi, mtambo haukujua wala haukujali.

Mhandisi Tausi Chiwanga, aliyeubuni, alikuwa amesimama kwenye chumba cha vioo nyuma ya ukumbi. Saa tisa alasiri alitakiwa kutia sahihi ya usalama, ili Msukaji ufungwe katika kumbi mia mbili nchi nzima. Jicho lake halikubanduka kwenye kiti namba saba, maana alikikalia baba yake.

Mzee Chiwanga alijialika mwenyewe. Ujanani alikuwa mtafsiri wa picha za ngumi katika kibanda umiza, banda la mtaani la kuonyeshea video: anashika maikrofoni, anawaeleza watu kwa Kiswahili wanachosema Wachina, na Kichina chenyewe hajui hata salamu. Kisa alikitunga palepale.

"Mwanangu, watu hawakufuata kisa," alisema alipokuwa akijiweka sawa kitini. "Wote walijua steringi, shujaa wa picha, hafi. Walifuata anavyopiga. Wewe umemenya ganda, umebakiza tunda."

Maneno hayo yalimfurahisha Tausi kuliko alivyoonyesha. Msukaji ulifundishwa kwa kanda mia tatu zenye sauti ya baba yake akitafsiri, na alikuwa amekata kitu kimoja tu. Mzee alikuwa na desturi: kila picha ikifika mwisho, anaongea dakika tatu nzima. Fulani kafa, fulani kaoa, mama yake steringi kapona, haya, picha limeisha, wasalimieni nyumbani. Tausi alipowasikilizisha watu kwenye viti-mapigo, mioyo yao ilipoa hapo. Akaona hiyo ni porojo, akaikata mikia hiyo ya kanda zote mia tatu.

Saa nane na nusu aliuzima mtambo. Taa zikawaka. Hakuna aliyeinuka.

"Remijius, mbona hawatoki?" alimuuliza fundi wa vipimo.

"Na wa juzi walikawia, mhandisi. Nikadhani wamenogewa."

Tausi akatazama vipimo. Picha ilikuwa imezimwa dakika nne, na mioyo arobaini bado ilikuwa inakimbia. Namba saba: mia moja arobaini na nane.

Alikimbilia ukumbini akapiga magoti mbele ya baba yake. Viganja vya mzee vilikuwa vimelowa jasho, na macho yake yalimfuata mtu asiyekuwepo.

"Baba, imekwisha."

"Nani kashinda?" Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Anakuja tena, Tausi. Nyuma yako."

Tausi akageuka kabla hajajizuia.

"Daktari yuko njiani, dakika kumi," Remijius aliita. "Namba saba ni mia moja sitini."

"Niletee maikrofoni."

Hakuwahi kutafsiri picha maishani mwake. Shuleni alikuwa akificha kazi ya baba yake kwa aibu. Sasa akaishika maikrofoni kwa mikono miwili.

"Huyu mnayemwona, wa shati jeupe, anaitwa Chilongola. Walimteka mdogo wake, ndiyo maana anapigana. Kamfuata hadi kwenye treni. Adui mkubwa kaanguka, hainuki tena. Mdogo mtu yuko salama, wako mezani wanakunywa chai. Mama yao kafungua mlango, kawaona." Akamalizia kama baba yake. "Haya, picha limeisha. Wasalimieni nyumbani."

Mtu wa mstari wa mbele alicheka kidogo, akajipangusa uso. Mwingine akaanza kutafuta viatu vyake. Namba saba ikashuka: mia moja ishirini, mia moja na tano, tisini.

"Hapo kwenye treni umechapia," mzee alisema. "Ila mwisho umeupatia."

Tausi aliegemeza kichwa kwenye goti la baba yake akalia, asijali nani anamwona. Kisha akanyanyua uso.

"Remijius, hao wa juzi waliondokaje?"

"Walitoka tu. Wengine mbiombio."

Makundi sita yalikuwa yametangulia, watu mia mbili na arobaini. Tausi akarudi kwenye chumba cha vioo, akafungua orodha, akampigia wa kwanza, Yoramu Ndahani wa kundi la Jumatatu. Simu ilipokelewa na mke wake, kwa kunong'ona.

"Sema polepole, dada. Mume wangu hajalala tangu Jumatatu. Kasimama nyuma ya mlango na mchi. Anasema bado anakuja."

Karatasi ya sahihi ilikuwa mezani, kalamu juu yake. Tausi akaisogeza pembeni ili orodha ipate nafasi.

"Mwekee simu sikioni, mama, nimmalizie picha," alisema. "Ila kwanza muulize, huyo anayekuja amevaa nini?"