Mke Asiyekuwamo Kwenye Karatasi

Lifti ilikuwa imekwama tena, na ukumbi wa hospitali ulijaa watu wenye hasira zao. Nesi mmoja, gauni lake jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, alisimama na boksi la vipima presha kifuani. Alikuwa akimtazama fundi aliyelala kifudifudi, kichwa na mabega ndani ya shimo la lifti.

"Kaka, itachukua muda gani?"

"Dada, nikisema dakika kumi utaniamini?"

"Hapana."

"Basi dakika kumi."

Alipotoa kichwa, nesi aliona uso mpole wenye grisi puani. Hapo akamuuliza swali ambalo fundi hakuwahi kuulizwa na mwanamke yeyote.

"Jumamosi asubuhi unaweza kuumwa?"

"Kuumwa nini?"

"Nitakuandikia."

Ndivyo fundi alivyojikuta mgonjwa wa kuigiza. Kila Jumamosi, kwenye stoo ya ghorofa ya nne, nesi aliwafundisha bure vijana waliosoma shule zisizo na maabara, wanaotaka kuingia vyuo vya uuguzi na utabibu. Kwenye usaili wa vyuo hivyo, kijana huketishwa mbele ya mgonjwa asiyemjua, akaambiwa amhoji. Nesi mwenyewe ulimi ulimganda hapo zamani, akapoteza mwaka mzima. Alimwandikia fundi karatasi: kikohozi wiki mbili, homa, hamu ya kula hakuna. Kisha akakaa nyuma ya shuka lililotundikwa, akasikiliza vijana wakimhoji.

Jioni simu zikaanza.

"Mgonjwa wangu, unaendeleaje?"

"Hali mbaya. Tangu nitoke huko sijala."

"Hiyo imo kwenye karatasi."

"Sababu yake haimo."

Nesi alicheka peke yake jikoni. Kwa miaka minne hakuwa amempenda mtu. Sasa alimpenda huyu, na alijua.

Jumamosi ya tano, fundi alihojiwa na binti ambaye wenzake walimwita Kwanini, kwa jinsi asivyochoka kuuliza.

"Umeoa?"

"Nimeoa," fundi alijibu bila kusita.

Nyuma ya shuka, nesi aliisoma nakala yake ya karatasi juu mpaka chini. Aliiandika kwa mkono wake mwenyewe, na mke hayumo. Basi mke ni wa kweli. Hakusikia tena yaliyofuata.

Simu ya fundi aliipokea siku ya tatu.

"Ahsante kwa msaada wako, fundi. Nimepata mgonjwa mwingine."

"Kwani nimekohoa vibaya?"

"Umekohoa vizuri. Msalimie mkeo."

Akakata kabla ya jibu, akaizuia namba. Fundi alikuja hospitali mara mbili kumtafuta, na mara zote mbili nesi alipita ngazi za nyuma.

Kwanini akapata nafasi chuoni. Alikuja kushukuru, daftari la mazoezi mkononi.

"Mwalimu, yule mgonjwa mwongo yuko wapi?"

"Mwongo?"

"Nilimuuliza mke wake anafanya kazi gani, akasema mshonaji. Nilipomaliza kumpima presha nikauliza tena, akasema mwalimu. Si ulitwambia tuulize mara mbili? Nikaandika hivi: mke hayupo, amemtunga ili nipate cha kuuliza. Na wewe ukaweka vema. Hukusoma?"

Nesi hakusoma. Siku ile aliweka vema huku machozi yakimlenga. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka: mwalimu wa maswali, na hakuuliza hata moja.

Aliulizia kwa walinzi, akamkuta fundi kwenye jengo la ofisi mtaa wa tatu kutoka hospitali, amepiga magoti mbele ya lifti, watu wamejipanga nyuma yake wakinung'unika.

"Fundi, umeoa?"

Fundi hakugeuka upesi. "Sijaoa."

"Ulitaka kuoa?"

"Nilitaka. Mwenyewe akaacha kupokea simu."

"Nisamehe. Nilikuhukumu bila kukuuliza, na nimeumia kuliko wewe."

"Kuliko mimi? Hilo tutabishana." Akainuka. "Na mimi nikiuliza, utajibu?"

"Uliza."

"Utakubali nikuoe?"

"Nitakubali."

Fundi aliufuta mkono kwenye ovaroli, akautazama, akaufuta tena, grisi haitoki. Nesi, na gauni lake jeupe, hakungoja. Akaushika hivyo hivyo.