Kamera ya Gari la Sabiri Ilimwona Mume Wangu Gizani

"Sabiri, punguza mwendo! Yule mume wangu!"

"Mumeo yupi tena, dada Mwanamkasi? Nje giza totoro!"

Kweli, ukichungulia dirishani huoni kitu. Lakini kwenye kile kioo kidogo nyuma ya usukani... nyie! Watu wawili, weupe pee, wanakatiza minazini.

Mmoja anaburuta mguu wa kushoto.

Miaka kumi na tisa naisikia ile miburuzo ikiingia uani kwangu Mabawa. Niikosee leo?

Na mkono kaunyoosha kwa mwanamke. Mwanamke naye kaunyoosha kwake!

Mume wangu Msafiri, aliyeniaga magharibi kwamba anaingia lindo Pongwe... yuko Mwera! Kijijini kwetu! Nilipozaliwa mimi!

Mnaonijua mnajua kazi yangu, napika kwenye shughuli za watu. Siku hiyo tulitoka kupika harusi Mkwaja. Siku mbili nimesimama jikoni, miguu imevimba kama mihogo, macho yanawaka moshi. Mjomba wa bwana harusi, huyo Sabiri, akasema nitakurudisha mimi na ndinga yangu mpya.

Njia nzima anaringia kamera.

"Hii haihitaji taa, dada. Inanusa joto la mwili. Ng'ombe akilala barabarani naye mweusi, mimi namwona mweupe. Mtu akikaribia njia, inampigia mlio."

Mimi nasinzia tu. Tulipofika Mwera alinigusa. "Si ndiyo kwa mama yako hapa? Tupite umsalimie?"

"Nimechoka, Sabiri. Siku nyingine."

Hiyo "siku nyingine" ikumbukeni.

Hatujamaliza hata minazi, kamera ikalia. Tiiit! Ndiyo nikaona niliyoyaona.

"Unashuka?" Sabiri akauliza.

Jamani, nguvu za kushuka sikuwa nazo. Nguvu za kutoa simu nilikuwa nazo. Nikakirekodi kile kioo mpaka walipopotelea minazini, nikaitupa video kwenye grupu la ukoo, grupu la kina mama wa Mabawa, na statasi juu.

"MUME WANGU NA MCHEPUKO WAKE. KUMBE LINDO LIPO MWERA!"

Sabiri akatikisa kichwa. "Dada, mbona sura hazionekani?"

"Wewe endesha gari!"

Asubuhi uani kwangu hapatoshi. Mnanijua, nyumba yangu haikosi watu, lakini siku ile hata wasiopenda chai yangu walikuja kunywa. Najat, jirani yangu wa ukuta mmoja, kashika simu anaikuza ile video.

"Shoga, huyu mwanamke mfupi. Tena anatembea kwa madaha!"

"Mzee huyo!" mwingine akadakia. "Shoga yangu, umeporwa mume na bibi!"

Wakacheka. Na mimi nikacheka kwa hasira, nguo za Msafiri nishazitia kwenye mfuko, nimeuweka mlangoni.

Saa mbili akaingia. Vumbi hadi magotini, macho mekundu. Akautazama mfuko. Akawatazama watu.

"Mwanamkasi, naomba tuongee ndani."

"Ndani kuna nini? Sema hapa hapa! Jana ulikuwa wapi?"

Akajipangusa vumbi magotini.

"Lindo?"

"Hapana."

"Mwera?"

"Mwera."

"Na mwanamke?"

"Ndiyo."

Uani watu wakaguna!

"Ni nani?"

"Nimeapishwa, mke wangu. Watoe watu, nitajua nitasemaje."

"Hatoki mtu!"

Hakubisha. Akainama, akachukua mfuko, akaondoka anaburuta mguu wake. Najat akampigia kigelegele cha kumsuta.

Haukupita muda, simu ikalia. Imakulata, jirani wa mama yangu kule Mwera. Nikaweka spika, wote wasikie.

"Mwanamkasi, ile video ifute."

"Nifute? Kwani huyo mwanamke unamjua?"

"Namjua."

"Mtaje!"

"Uko na watu au uko peke yako?"

"Mtaje tu, dada, mimi sina siri!"

Akashusha pumzi.

"Ni mama yako."

...

Najat akaiweka simu yake chini.

"Mama tangu Ramadhani iishe hayuko sawa," Imakulata akaendelea. "Usiku anaamka, anatoka, anamtafuta baba yako. Ukimwambia alishafariki analia mpaka kijiji kinaamka. Nilimwita mumeo. Usiku asio na lindo anakuja na bodaboda, anatembea naye kule anakotaka, mpaka achoke arudi mwenyewe."

"Mbona... mbona wameshikana mikono?"

"Mikono gani! Mtu na mkwewe? Anampa pindo moja la kanga, yeye anashika la pili. Miezi yote hii hata kidole hajamgusa mkwewe kwa heshima."

Kanga!

Kamera inanusa joto, wapendwa. Kanga haina joto. Pale katikati yao palikuwa na kanga, kioo hakikuiona.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Mama mwenyewe alimuapisha, siku akili imetulia. Alisema ukijua wewe, Tanga nzima imejua."

Najat akavuta mtandio wake, akaondoka bila kuaga. Mmoja mmoja wakaisha wote. Vikombe nikaviosha peke yangu.

Nilimkuta Msafiri Mwera, barazani kwa mama, mfuko kaufanya mto.

"Nisamehe."

Hakufungua hata macho. "Nimechoka, Mwanamkasi. Leo shika wewe zamu, mimi nilale."

Usiku mama akatoka. Nikamfuata, nikampa mkono. Akarudi nyuma.

"Wewe nani?"

"Mimi... wa hapa jirani, mama."

Nikavua kanga, nikampa pindo. Hapo akatulia, akashika. Tukaenda minazini taratibu, yeye mbele mimi nyuma.

Katikati ya njia akasimama. "Mtu mwema wewe. Lakini usije ukamwambia binti yangu Mwanamkasi. Mdomo wake hauna kitasa."

"Simwambii, mama."

Naandika haya Msafiri kashayasoma, karuhusu. Hajasema amenisamehe, ila anakula chakula changu, na zamu tunapokezana. Nilichojifunza ni hiki: kile kioo kilinionyesha watu wawili wenye joto, basi. Mchepuko niliuweka mimi. Ningeshuka hatua ishirini tu ningeiona kanga.

Naambiwa ile video imefika hadi Pongwe, walinzi wenzake wanamcheka. Nilimuaibisha mbele za watu, namsafisha mbele za watu.

Kama unayo kwenye simu yako, nakuomba, ifute.

Yule ni mama yangu.