Nati Iliyoanguka Duarani

Haya yalimpata rafiki yangu Silvesta, karani wa pamba, mwaka aliponunua gari kuukuu la mzungu mmoja kule Geita, akamwomba fundi Mabula amfundishe kulitunza.

Somo la kwanza lilikuwa kumwaga oili. Hapakuwa na gereji, basi Mabula aliliegesha gari juu ya duara, shimo la wachimba dhahabu lililoachwa. Silvesta alijilaza chini ya gari, juu ya mbao zilizokatiza shimo, akaifungua nati ya kumwagia oili. Ikamponyoka. Alitega sikio, hakusikia ikitua.

Mabula alicheka. "Mwombe Telesphori, mchimbaji mwenzangu wa zamani, akuokotee. Kuta zilimporomokea humo, kamba nikiwa nayo mimi juu. Aliitikisa mara mbili, mara mbili, kutwa nzima, avutwe. Nikachoka, nikaikata."

Akamrushia kamba yenye sumaku. Silvesta aligeuka kifudifudi, akaiteremsha gizani mpaka ikalegea. Ilisikika oili tu, ikidondoka tone kwa tone.

Kamba ikatikisika mara mbili.

"Fundi," Silvesta alisema polepole, "ni wewe unayeigusa?"

Mabula alijipenyeza kando yake, akatazama. Ikatikisika tena, mara mbili. Safari hii hakucheka. Alichomoa kisu, akaikata chini ya mikono ya Silvesta.

Kamba haikuanguka. Silvesta aliiona ikishuka taratibu, pima kwa pima, kama inayokunjwa na mtu atakayeihitaji tena.