Jogoo Ubavuni mwa Kalibu

Lile dude lilikuwa la moto. Lilikuwa kwenye beseni la maji tangu asubuhi, lakini Fundi Pilipili alipolitoa alilitupa mezani, akapuliza vidole na kutukana.

Pilipili alikuwa fundi wa vyuma vya kale, na jina hilo alilipata kwa hasira zake. Mteja alikuwa amemwachia kalibu ya shaba ya kutengenezea risasi, yenye mikono miwili kama koleo, akitaka kujua ni ya bunduki gani. Haikuwa na jina, namba wala chapa. Ubavuni palikuwa pamekwanguliwa kwa tupa hadi pakabonyea.

"Watu wengine bwana! Wafute chapa wao, halafu mimi nipige ramli?"

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Aliyeyusha madini ya risasi, akayamimina, akangoja yagande, akaitoa risasi, akaipima na kuiweka mezani. "Ya gobore," akasema. Si angeishia hapo! Lakini wapi, huyu bwana alikuwa na ugonjwa wake: chochote kilichopita mikononi mwake lazima akigonge chapa yake, jogoo mdogo, dunia ijue nani kakishika. Akamgonga jogoo palepale palipokwanguliwa.

Nyuma ya sikio lake sauti ya upole ikauliza, "Bwana, nani?"

Akageuka. Hapakuwa na mtu. Nje mbwa wa jirani alikuwa akibweka.

"Na hilo jibwa nalo! Life tupumzike!"

Kubweka kukakatika. Karakana ikajaa harufu ya risasi ya moto na manyoya yaliyoungua. Yeye na mkewe walipomfuata mbwa walimkuta kalala ubavu, ana tundu kwenye paji la uso, na waliporudi ile risasi haikuwepo tena mezani.

Mkewe, aliyelelewa na bibi yake, mganga wa kupunga majini, aliinama juu ya kalibu bila kuigusa.

"Mume wangu," alinong'ona, "humu mna jini, na linatafuta bwana. Umeligongea chapa, bwana wake ni wewe. Unadhani waliokuwa nayo kabla yako walikwangua kwa kupenda? Futa jogoo wako. Na mdomo wako, nakuomba kwa jina la Mungu, leo ufunge."

"Unaniamrisha?"

"Nakuomba. Maana ukikasirika, wa kwanza kutukanwa humu ndani ni mimi."

Ilikuwa kweli, naye alijua. Chai ikipoa, mke. Nyundo isipoonekana, mke. Miaka yote mwanamke huyo alimeza maneno ya mtu huyu, na leo neno moja tu lingemuua.

Pilipili akachukua tupa. Alikwangua kichwa cha jogoo, akakwangua mkia, na kadiri alivyokwangua ndivyo shaba ilivyozidi kupata moto, na ndani ya kalibu, ambamo hakuna aliyemimina kitu, kikaanza kugongagonga kidude kizito, na ile harufu ikarudi ikamkaba koo, na jasho likamwingia machoni, mpaka tupa ikateleza ikamchana kidole, na mkewe aliposogea kumshika mkono hasira yake ya kila siku ikampanda kama maziwa jikoni, akafoka:

"Wewe mwanamke—"

"Bwana, huyu?"

Mikono ya kalibu ikaanza kufunguka. Mkewe alifumba macho.

"Hapana!" Pilipili alipiga kelele. "Siyo yeye! Hana kosa!"

Kalibu ikatulia. Angenyamaza! Jogoo alikuwa amebaki mguu mmoja tu, mikwaruzo miwili ya tupa na basi. Lakini mtu aliyezoea kufoka, akikosa wa kumfokea hujifokea mwenyewe. Alijipiga kofi kwenye paji la uso, tena kwa hasira ya kweli, kubwa kuliko zote alizowahi kuwa nazo.

"Mjinga ni mimi! Wa kufa ni mimi!"

Sauti ikajibu kwa adabu, karibu kabisa na sikio lake.

"Haya, bwana."