Msiba wa Bibi Aliye Hai

Kila Jumamosi Nikuze aliteka maji, akafagia uwanja, kisha akaketi jikoni kumenya ndizi. Bibi yake, Nyirabahire, alimkagua kwa jicho kali, maana kwa Bibi ndizi iliyobaki na ganda ilikuwa aibu ya ukoo mzima. Nikuze alikuwa darasa la sita, na waliishi wawili tu pale kijijini Rugera. Bibi alikuwa na ugonjwa wa moyo. Miguu ilimvimba mara kwa mara, lakini akimeza dawa zake alishika jembe kuliko vijana wengi.

Jumamosi moja Nesi Sperancia wa zahanati alikuja kumwona. Watoto hawaruhusiwi kusikiliza mazungumzo ya wakubwa, kwa hiyo Nikuze alirudi jikoni, akasikilizia huko.

"Siku ukizidiwa usiweze kusema, nani akusemee?" Nesi aliuliza.

"Binti yangu Mahoro," Bibi alijibu. "Nisipelekwe mbali kuwekewa mashine. Nipewe dawa ya maumivu, nibaki kwangu."

Kisu kilimponyoka Nikuze. Jana tu Bibi alikuwa akipalilia maharage, na leo alizungumzia mwisho wake kwa sauti ileile ya kuagizia chumvi. Kwao, mgonjwa akianza kusema hivyo, watu hujua kwamba anaaga. Sasa mbona wawili hao walikuwa wakicheka? Badala ya kuuliza, alitokea mlango wa nyuma, akakimbia hadi kwa jirani yao Xaveria, akamwambia huku analia kwamba Bibi anaaga.

Xaveria alikuwa mwema, ila mdomo wake haukuwa na kufuli. Kwa jirani wa kwanza Bibi alikuwa anaaga, kwa wa pili amekata kauli, na habari ilipomfikia Hagenimana, mwana mkubwa wa Bibi, kule Bugene, Bibi alikuwa ameshafariki.

Nikuze na Xaveria waliporudi, nyumba ilikuwa tupu. Nikuze hakuelewa. Bibi amepelekwa wapi, na nani? Kabla hajapata jibu, wanawake waliingia na mikungu ya ndizi kichwani, kanga zimefungwa kiunoni. Wanaume waliwasha moto wa matanga uwanjani, na mtu akaanza kutandika majani sebuleni, ya waombolezaji kukalia. Kila mmoja alidhani mwenzake ameuona mwili. Hagenimana alishuka kwenye bodaboda akilia kwa sauti, na Nikuze, aliyekuwa ameanza kuwa na shaka kama kweli Bibi amefariki, akalia naye.

Ndipo Bibi akatokea migombani, jembe begani.

"Nani amefariki?" aliuliza.

Hagenimana alimtazama mama yake, akautazama moto, asijue aendelee kulia au asalimie. Mwishowe akasema shikamoo.

Nikuze alipiga magoti, akaeleza yote. Nesi Sperancia, aliyekuwa akizungukia wagonjwa upande wa pili wa kijiji, aliitwa. Alifafanua kwamba Bibi haagi. Alikuwa anasema matakwa yake ya matibabu, yaandikwe na kutunzwa, ili siku akishindwa kuongea yafuatwe.

Hagenimana alikasirika. Yeye ndiye mtoto mkubwa wa kiume, na msemaji wa familia ni yeye. Kwa nini Mahoro?

"Kwa sababu wewe kwa kunipenda utashindwa kuniacha niende, mwanangu," Bibi alisema. "Utanizungusha hospitali hadi hospitali hata nikiwa nimechoka. Mahoro atafanya nilivyosema, hata kama analia."

Hagenimana alijifuta uso. "Hukuwahi kuniambia, Mama."

"Ndiyo maana nasema leo, nina akili zangu zote."

Nesi aliwageukia wote. "Kusema mapema hakuiti kifo," alisema. "Anayesema akiwa na nguvu anawaepusha wanawe na kubahatisha na kugombana. Akibadili mawazo, ananiita, tunabadilisha. Nawe Nikuze, usichokielewa muulize mwenyewe kwanza, kabla hujakibeba kwa watu."

Nikuze aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Bibi aliamuru ndizi zipikwe, kwani moto ulikwishawashwa, na waombolezaji wakala wakashiba. Xaveria, kwa sauti ya chini isiyo ya kawaida yake, alimwomba Nesi apite na kwake, naye aandikiwe.

Jioni watu walipoondoka, Nikuze alikaa karibu na Bibi kwenye majani yale ya msiba. Bado alikuwa na swali, na safari hii hakuondoka nalo.

"Bibi, siku hiyo ikifika, mimi unataka nifanye nini?"

Bibi alimgeukia.

"Unishike mkono," alisema. "Na usikimbilie kwa Xaveria."