Moto Ambao Haukuwaka

Ukitaka kumwita Shangazi, usipoteze pumzi yako. Piga mguu sakafuni mara mbili, naye atageuka, kwa sababu mbao za chumba chake cha kushonea hutikisika hadi kwenye kiti. Shangazi ni kiziwi tangu utotoni, na ni fundi cherehani. Mashine ikianza kusumbua, huweka kiganja juu ya meza, hufumba macho kidogo, kisha huchukua bisibisi. Sijawahi kumwona akikosea.

Naishi naye tangu nikiwa na miaka mitatu, kwa hiyo lugha ya alama niliijua kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Shuleni kila mtu huniita Redio, na nadhani unaweza kukisia kwa nini. Hata kwa alama nina jina langu: vidole vinne vikigonga kidole gumba haraka haraka, kama mdomo usiopumzika. Aliyenipa jina hilo ni Shangazi mwenyewe.

Jumapili ninayotaka kuwasimulia, niliamka bila kuamshwa. Ilikuwa ibada ya shukrani, na mkalimani wa kanisa letu, yule mwalimu mwenye miwani, alikuwa amesafiri kwenda kumwona binti yake aliyejifungua. Shangazi alitaka kutoa shukrani mbele ya watu kwa mara ya kwanza maishani mwake. Yeye angesema kwa mikono, na mimi ningeyasema maneno yake kwenye kipaza sauti. Mimi! Kwenye kipaza sauti!

"Kula mkate," Shangazi aliniambia kwa mikono.

"Sina njaa. Utasema nini leo? Niambie nijiandae."

"Nitakayoyasema utayaona. Wewe yaseme tu."

"Ni marefu?"

"Kula mkate."

Kanisa lilijaa hadi mlangoni. Sisi hukaa benchi la mbele, upande wa ngoma, kwa sababu Shangazi hupenda ngoma ikimgonga kifuani. Aliyetangulia kutoa shukrani alikuwa dereva wa lori, mtu mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. Akasimulia jinsi breki zilivyomkatalia kwenye mteremko, jinsi alivyomwita Mungu, na jinsi lori lilivyoacha barabara na kuzama kwenye lundo la mchanga.

"Hata mkwaruzo sina!" akapaza sauti. "Nitazameni!"

Kanisa lililipuka. Vigelegele, ngoma, makofi! Nami nilikuwa nikimfasiria Shangazi kila neno. Akajifuta machozi, akainua mikono juu na kuitikisa hewani, maana hivyo ndivyo viziwi wanavyopiga makofi. Nilisisimka hadi viganja vikatoka jasho. Zamu yetu ilikuwa imefika.

"Sasa tumsikilize dada yetu anayetushonea nguo," alisema mchungaji, akanipa kipaza sauti. Nilikishika kwa mikono miwili, nikijisikia mkubwa kuliko jengo lenyewe.

Shangazi alinyoosha gauni lake, akaanza. Wiki hii nimeshona sare kumi na tisa za shule. Nikasema hivyo. Uzi haukukatika. Nikasema. Hakuna hata sare moja niliyolazimika kuifumua. Nikasema. Macho yangu bado yanaliona tundu la sindano.

Nikawatupia watu jicho. Mzee mmoja alikuwa anapiga miayo. Wenzangu wa darasani, waliobanana dirishani, walikuwa wananong'onezana. Baada ya lori lisilo na breki, nani angeshangilia uzi? Nilimwonea huruma Shangazi. Na niseme ukweli, nilijionea huruma zaidi mimi mwenyewe.

Basi mdomo ukanikimbia.

"Halafu Jumatano," nikasema, "cherehani ikashika moto!"

Miayo ya yule mzee ilikatika katikati.

"Moto ukapanda mezani! Ukaanza kula mapazia! Shangazi hasikii lolote, yuko tu anashona! Nyumba yote nusura iteketee, lakini mkono wa Mungu ukauzima!"

Mikono ya Shangazi ilikuwa bado inasema, tena kwa hisia, lakini mimi sikuwa hata naitazama. Nilikuwa natazama watu. Vigelegele vilipanda hadi darini. Bibi mmoja wa benchi la pili akaja mbio, akaikamata mikono ya Shangazi, akaigeuzageuza kutafuta mahali ilipoungua. Fundi seremala akasimama, kidole juu.

"Dada, kesho nakuja na mbao zangu! Ile meza iliyoungua naitengeneza bure. Naahidi mbele za Mungu!"

Shangazi alimtazama bibi, akamtazama seremala, kisha akaichomoa mikono yake na kunigeukia mimi.

"Mbona bibi anaikagua mikono yangu?" akauliza. "Umesema nini?"

Hapo ndipo nilipotambua nilichofanya. Kanisa lote halikujua alichosema Shangazi. Shangazi hakujua nilichosema mimi. Aliyejua yote mawili nilikuwa mimi peke yangu. Ningeweza kumjibu, "Wamefurahi tu," na pengine ningeponea hapo. Lakini alikuwa ananitazama kama anavyonitazama siku zote, bila wasiwasi wowote, na vidole vyangu vilikataa kudanganya.

"Nimetia chumvi," nikamwambia kwa mikono. "Nimesema cherehani ilishika moto."

Uso wake ulibadilika. "Moto gani?"

"Hakuna moto. Niliona hawashangilii."

"Waambie."

"Shangazi, watanicheka!"

"Anayeonekana mwongo hapa ni mimi," akasema. "Nimekuja mbele za Mungu na uongo ambao sikuusema. Waambie sasa hivi."

Nikarudisha kipaza sauti mdomoni. Kikapiga mluzi, nami nikaruka kidogo.

"Samahanini," nikasema. "Hakukuwa na moto. Cherehani ni nzima na mapazia ni mazima. Shangazi hakusema habari za moto. Niliubuni mimi."

Kule dirishani walikufa kwa kicheko. Bibi alirudi kwenye benchi lake taratibu. Seremala alikaa. Nilitamani sakafu ipasuke niingie, na machozi yakaanza kunitoka mbele ya watu wote wale.

Mchungaji aliinua mkono, kicheko kikaisha. "Umekosea, binti," alisema, "na umejirekebisha kabla hatujatoka mlangoni. Futa machozi ufanye kazi yako. Dada yetu hajamaliza."

Shangazi akavuta pumzi, akarudia yale ambayo sikuyatazama. Safari hii macho yangu hayakubanduka kwenye mikono yake, nami nikayasema neno kwa neno:

"Watu huniuliza nafuata nini kanisani, na wimbo wenyewe siusikii. Siku sita watu huja kwangu. Huyu anataka suruali, yule anataka gauni. Siku ya saba mimi ndiye ninayekwenda. Nampelekea Mungu wiki yangu, kama ilivyo. Wiki nyingine ina machozi. Hii ina sare kumi na tisa na uzi ambao haukukatika. Ni kitu kidogo, lakini nimekifanya kwa mikono hii aliyonipa, na nimekuja kumwambia asante."

Aliishusha mikono yake. Kisha yule dereva wa lori, na sauti yake yote ile, akasimama kimya, akainua mikono juu, akaitikisa. Bibi akafuata. Seremala akafuata. Kabla sijajua kinachoendelea, kanisa zima lilikuwa limesimama, mamia ya mikono ikitikisika hewani bila sauti hata moja! Nywele zilinisimama. Shangazi aligeuka huku na huku akiitazama, akicheka na kulia kwa pamoja, na mimi nilikuwa na furaha kiasi kwamba nilisahau kuona aibu.

Aibu ilikuwa inanisubiri shuleni. Jumatatu asubuhi Redio alikuwa amekufa, amezaliwa Zimamoto. "Zimamoto, daftari langu linaungua!" "Zimamoto, lete maji!" Nilivumilia. Nilistahili.

Niliporudi nyumbani, nilimkuta seremala amepiga magoti chini ya meza ya cherehani, misumari mdomoni.

"Lakini meza haikuungua," nikamwambia.

"Nilisema mbele za Mungu kwamba nitakuja," akajibu. "Na mguu huu mmoja unacheza. Nishikie hapa."

Nikashika. Alipomaliza na kwenda zake, Shangazi aliweka kiganja mezani, akawasha mashine, akatabasamu. Meza ilikuwa imetulia kabisa. Kisha akaizima, akanigeukia.

"Mungu aliniona nikizishona zile sare," alisema. "Ukimpelekea habari za moto, ni sawa na kumwambia hakuona. Kuabudu si kushindana na dereva wa lori, mwanangu. Ni kwenda mbele za Mungu wewe mwenyewe, na kile ulicho nacho kweli, hata kikiwa uzi. Na watu wakikupa maneno yao uwapelekee, yafikishe kama walivyokupa."

"Nimeelewa, Shangazi. Nisamehe."

"Nilishakusamehe ulipofungua mdomo mara ya pili. Mkalimani anarudi mwisho wa mwezi. Jumapili ijayo utanisemea tena."

Nilirukaruka hadi mbao zikatikisika. Shangazi akaniita nitulie, lakini jina aliloniita halikuwa lile la zamani. Vidole viligonga gumba mara moja tu, halafu mkono ukatulia juu ya kifua chake.

"Huyo ndiye mimi?" nikauliza.

"Jumapili tutaona," akasema, akarudi kushona.